Shajara ya ukarabati wa nyumba ya Mama, Kigamboni: kutafuta fundi

8 Juni 2024: Nyumba ilivyo

Vyumba vitatu na sebule, tofali za saruji za inchi 6, imejengwa 2009. Ilipita mvua za El Niño, ikaja masika juu yake, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikamalizia. Kuta za sebule na korido zimebanduka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na kila ukifagia asubuhi unakuta unga mweupe chini. Bafu linavujisha maji hadi koridoni. Jiko lina sinki moja lililoegeshwa kwenye matofali. Nyaya za umeme ni za tangu nyumba ilipojengwa, na swichi ya bafuni humtekenya mtu mwenye mikono mibichi.

Bajeti ni milioni 12. Kazi lazima iishe kiangazi hikihiki, kabla vuli haijaanza Oktoba. Naandika shajara hii kwa sababu nilipouliza watu nimpateje fundi, kila mmoja alinipa namba ya simu na hakuna aliyenieleza alimpimaje.

22 Juni: Waliokuja kuangalia

Wamekuja mafundi watatu na kampuni moja. Nitawaita kwa maeneo yao.

Fundi wa Tungi alisimama mlangoni, akaangaza macho sebuleni, akaingia bafuni akatoka. "Dada, hii kazi ndogo. Milioni tatu na laki nane ufundi, wiki tatu nakukabidhi." Kuhusu ukuta alisema tubandue plasta, tupige nyingine yenye saruji nyingi, juu tupake rangi ya mafuta. Nilimuuliza chumvi inatoka wapi. Akajibu, "Hii ni Kigamboni, dada."

Fundi wa Mjimwema alikuja na gari na kofia ngumu. Yeye anachukua kazi jumla, vifaa na ufundi, kwa milioni 11, na anataka asilimia 70 mkononi siku ya kuanza. Nilipoomba mchanganuo alinitumia ujumbe wa mistari minne: ukuta, bafu, jiko, "na mengineyo". Hayo mengineyo peke yake yalikuwa milioni mbili na nusu. Milioni 7.7 za kianzio kwa mtu ambaye sijui hata anaponunua saruji! Nilimshukuru, tukaachana vizuri.

Kampuni ilinifurahisha kwa kila kitu isipokuwa bei. Imesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa kwa wajenzi wa majengo. Walimtuma kijana mwenye futi ya leza, akapima kila chumba, na baada ya siku chache wakaleta makadirio ya kurasa sita: milioni 23.4, VAT ya asilimia 18 ikiwemo. Kwa anayejenga ghorofa au anayekopa benki, hapo ndipo pa kwenda, na usajili ukaguliwe bodini kwenyewe maana cheti cha ukutani hakitoshi. Sisi milioni 23 hatuna. Hata hivyo ile orodha ya kurasa sita imekuwa kipimo changu kwa wengine wote, kwa sababu sasa najua bafu lina mita ngapi za mraba na plasta inayobanduliwa ni kiasi gani. Makadirio walitoa bure.

Fundi wa Kibada ni mtu mzima, mtaratibu, na hakutaja bei siku hiyo. Alianza nje. Alizunguka nyumba akipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha akasimama nyuma ya jiko akaniita. "Njoo uone. Udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani." Ni kweli. Miaka yote Mama amefagia uani na kupanda maua, udongo ukajaa hadi ukafunika msingi wote. Halafu akaingia sebuleni, akakwangua ule unga mweupe kwa ukucha, akauweka ulimini, akatema mlangoni. "Chumvi ya mchanga. Na chini hakuna nailoni ya kuzuia unyevu, maji yanapanda tu." Akaomba mkanda wa gundi na kipande cha mfuko wa plastiki, akakibandika ukutani pande zote nne, kingine koridoni, kingine nyuma ya jiko, akasema atarudi kesho kutwa. Aliporudi, plastiki zote tatu zilikuwa na matone upande unaogusa ukuta. Maana yake unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ungekuwa wa hewa ya chumbani, matone yangekaa upande wa nje.

Bei yake ya ufundi ni milioni 5.1, na mchanganuo aliuandika kwa mkono kwenye daftari la hesabu: kila kazi, mita zake, siku zake. Mama anaona ni ghali. Mjomba anaona tunadanganywa, na kwamba fundi anayelamba ukuta anatufanyia kiini macho.

30 Juni: Kazi zao za zamani

Picha za WhatsApp sikuzitazama. Ukuta uliopakwa rangi jana hupendeza hata kama kesho utabanduka. Niliwaomba Tungi na Kibada wanipeleke kwenye nyumba waliyoikamilisha zaidi ya mwaka mmoja uliopita, yaani iliyokwisha kunyeshewa masika.

Wa Tungi alinipeleka kwenye nyumba mpya ambayo wapangaji hawajaingia. Ya zamani, alisema, mwenyewe kasafiri. Wa Kibada alinipeleka kwa mwalimu mstaafu kule Vijibweni, akaniacha naye, akaenda kunywa chai ili tuongee kwa uhuru. Nilimuuliza mzee yule maswali ambayo nashauri kila mtu ayaulize: alichelewa? Kilipoharibika kitu alirudi? Aliomba pesa nje ya makubaliano? Majibu: alichelewa karibu wiki mbili kwa sababu ya msiba kwao. Alirudi kurekebisha mlango. Pesa aliomba mara moja, akakataliwa, na kazi akaendelea nayo. Nilichukua sarafu nikagonga marumaru za bafuni moja moja. Mbili zilitoa mlio wa tupu, karibu na mlango. Bafu la miaka mitatu, hilo si baya.

Elimu yake ni ya mtaani, chini ya baba yake mdogo, kisha akafanya majaribio ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ya kurasimisha ujuzi na kupata cheti. Kitambulisho cha NIDA alinipa nikapiga nakala bila kunung'unika. Wa Tungi aliniambia cha kwake kiko kwa mke wake.

13 Julai: Kazi ya majaribio

Mama bado alivutwa na ile milioni 1.3 ya tofauti, basi tukakubaliana kila fundi apewe kazi ndogo ya kulipwa. Wa Tungi: sehemu ya kufulia nje, zege la mita 2 kwa 1.5 lenye mteremko kuelekea kwenye tundu la maji. Wa Kibada: plasta ya ukuta mmoja wa stoo.

Wa Tungi alifika asubuhi, akapokea kazi, akaondoka. Walibaki vijana wawili ambao hatukuwahi kuwaona, na mmoja aliniuliza kama ninajua fundi anawalipa shilingi ngapi. Kazi ilikuwa imeuzwa. Waliomaliza jioni walikuwa na bidii, sitawalaumu, lakini hakuna aliyeshika pima maji. Mchanga walipima kwa koleo, maji kwa macho. Zege halikumwagiliwa hata mara moja, na jua la Julai likalifanyia kazi yake: nyufa za unywele kufikia siku ya tatu. Mama alipofua, maji yakakusanyika kwenye kona iliyo mbali kabisa na tundu. Wa Tungi alipopigiwa alisema litajikalia lenyewe likizoea.

Wa Kibada alikuja na saidia fundi mmoja na ndoo mbili. Ndoo moja ya saruji, nne za mchanga, zilizokatwa juu kwa ubao ili zilingane. Kabla ya hapo alitia mchanga kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiacha itulie. Tope lililokaa juu lilikuwa nene, akaukataa mchanga wangu, tukanunua mwingine wa mto. Nilikasirika kidogo kwa sababu ulikuwa umeshalipiwa. Ukuta ulipokamilika aliagiza umwagiliwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na jioni alipita mwenyewe kuona kama tunamwagilia.

Majaribio yote mawili, vifaa na ufundi: 365,000. Mchanga uliokataliwa umo humo. Umetumika kujazia shimo la geti. Mama hakusema kitu. Alimpelekea wa Kibada chapati, nami nikajua kura imepigwa.

20 Julai: Mkataba

Umeandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muhuri wake chini. Kilichotusumbua ni pesa. Fundi wa Kibada alitaka asilimia 40 ya kuanzia kama anavyozoea. Nilimwambia vifaa nanunua mwenyewe, kwa hiyo kianzio kikubwa ni cha nini? Akanijibu kwa upole kwamba saidia fundi halipwi kwa hatua, analipwa jioni kila siku, na fundi asiye na akiba huishia kukimbilia kazi nyingine katikati ili apate pesa ya kuwalipa vijana wa kazi hii. Jibu hilo lilinieleza kwa nini mafundi wengi hupotea njiani, na sikuwa nimelifikiria. Tukafika hapa:

Kianzio asilimia 15, yaani 765,000. Kuta zikikamilika, 1,530,000. Bafu likifaulu jaribio la maji, 1,275,000. Kazi yote ikiisha, 1,020,000. Zilizobaki 510,000 zinakaa kwangu hadi masika ya 2025 yapite. Kila Jumamosi natoa 120,000 ya vijana, inakatwa kwenye hatua inayofuata.

Vifungu vingine viwili navipenda. Kazi haiuzwi kwa fundi mwingine bila mimi kukubali. Na kazi ikirudiwa kwa sababu ya kosa la ufundi, vifaa vya kurudia ni juu ya fundi. Hicho cha pili alikisoma kwa sauti, akanyamaza, akasaini.

17 Agosti: Kuta

Udongo wa nje umechimbwa hadi chini ya usawa wa sakafu, na kuzunguka nyumba umemwagwa mkanda wa zege wa sentimita 60 wenye mteremko kwenda nje. Gata zimefungwa kwenye paa. Ndani, plasta imebanduliwa hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, chumvi ikasuguliwa kwa brashi ya waya kavukavu. Kijana mmoja alianza kuosha ukuta kwa maji na fundi akamzuia: maji huiyeyusha chumvi ikarudi ndani. Kuta zikaachwa uchi wiki nzima na zaidi, madirisha wazi. Mama alilalamika kwamba anaishi gofu.

Ukuta wa sebule wa mita 6 ndio mbaya kuliko wote, na hapo fundi alipendekeza jambo ambalo halikuwemo kwenye bei: kukata mshono wa saruji chini ya kozi ya kwanza ya matofali na kuingiza nailoni nzito, ile wanayoiita DPC, ambayo mjenzi wa 2009 aliiruka. Inakatwa mita moja, inaingizwa, inajazwa saruji kavukavu na kushindiliwa. Unaruka mita inayofuata, unakata ya mbele yake, kisha siku nyingine unarudia zile ulizoziruka, ili ukuta usikae hewani. Nyongeza 480,000, imeandikwa nyuma ya mkataba na kusainiwa. Kuta nyingine tumetumia plasta yenye dawa ya maji tu, na fundi amesema wazi kwamba hizo zinaweza kusumbua tena baada ya miaka.

Kilichokwama: nyuma ya jiko. Kila mahali pamekauka, hapo pamebaki pabichi kama jana, na mvua hakuna. Fundi alishuku nailoni, akashuku karo la maji machafu, akataka kuchimba. Ilikuwa jioni na bomba zote zimefungwa. Nikaenda kuangalia mita ya maji ya DAWASA nje ya geti. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka polepole, hakuna mtu anayetumia maji. Tukafunga koki ya njia ya maji inayokwenda jikoni, kikasimama. Bomba la ndani ya ukuta lilikuwa na ufa kwenye kiungo, pengine kwa miaka. Limeng'olewa lote na kuwekwa jipya, likasukumiwa maji kwa pampu ya kupima mgandamizo kabla ya kufukiwa. Sehemu ya ankara za maji za Mama nadhani ilikuwa inaingia kwenye ukuta huo.

14 Septemba: Bafu limefeli, kisha likafaulu

Jiko halina habari: meza ya zege, marumaru, sinki mbili, kabati zitakuja baadaye pesa ikipatikana.

Bafu ndilo. Baada ya kupaka dawa ya maji sakafuni, kabla ya marumaru, mkataba unataka tundu lizibwe na maji yajazwe sentimita 5 kwa saa 24. Fundi alichora mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji. Asubuhi maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole, na ukuta wa korido, ule tulioupiga plasta mpya, una alama ya giza.

"Jua limekunywa, dada."

"Bafu halina dirisha la jua, fundi."

Alicheka, akavua viatu, akaingia. Tatizo lilikuwa pale bomba la maji machafu linapopenya sakafu. Pengo la kuzunguka bomba lilijazwa juu juu na dawa ikapita juu yake kama blanketi juu ya shimo. Likachongwa, likajazwa upya, dawa ikapakwa tena mikono miwili na kuachwa ikauke. Jaribio la pili mstari haukusogea. Dawa na saruji za kurudia, 38,000, zilikatwa kwake. Alijaribu kusema tugawane. Nilimfungulia ukurasa wa pili wa mkataba. Iwapo marumaru zingekuwa zimeshawekwa, tungekuwa tunabomoa bafu zima, na hapo ndipo mafundi na wenye nyumba huanza kuitana majina.

Mteremko wa sakafu ni sentimita 2 kwa kila mita. Nilimwaga ndoo kwenye kila kona. Maji yote yanajua njia.

12 Oktoba: Umeme

Fundi alimleta mdogo wake afanye umeme. Kijana mzuri, lakini leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hakuwa nayo, na nikakataa. Palizuka ubaridi wa siku chache. Nimempata mwingine mwenye leseni, nikaihakiki, 430,000 ufundi. Aligundua kwamba nyumba haina waya wa athi hata mmoja uliofika ardhini. Uliokuwepo uliishia ndani ya ukuta, umekatwa. Ndiyo maana ile swichi ya bafuni ilikuwa inatekenya. Amefunga pia kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Kikwazo kikubwa: kupitisha mabomba ya nyaya kulihitaji kuchana plasta mpya ya korido. Anayefuata mfano huu aanze na umeme kabla ya plasta, hata kama fundi wa umeme hajapatikana. Mifereji ya nyaya inaweza kuchanwa na mabomba kulazwa bila nyaya. Kiraka cha korido kinaonekana hadi leo ukiwasha taa ya pembeni.

Hesabu kwa jumla: majaribio 365,000; ufundi 5,100,000; kuingiza nailoni 480,000; umeme 430,000; vifaa vyote 7,220,000. Jumla 13,595,000. Tumezidi bajeti kwa milioni 1.6 hivi, na zaidi ya nusu ya ziada hiyo ni nailoni na lile bomba lililopasuka pamoja na vifaa vyake.

24 Mei 2025: Masika yamepita

Ukuta wa mita 6 ni mkavu. Bafu kavu. Chini ya dirisha la jikoni lilitokea doa la ukubwa wa sahani mwezi Aprili. Nikapiga simu, fundi akaja siku ya pili akiwa na mfuko wake wa saruji. Ilikuwa gata: kiungo kimeachia, maji yakawa yanachuruzika ukutani kila mvua ikinyesha. Akakifunga upya, akakwangua doa, akapaka. Marumaru moja karibu na mlango wa bafu inalia tupu. Ameahidi kuibadilisha, nami nimekubali isubiri.

Nimemkabidhi ile 510,000 mbele ya mwenyekiti, tukasaini kwamba mkataba umefungwa. Sehemu ya kufulia ya fundi wa Tungi bado inakusanya maji kwenye kona ileile, na Mama ametega ndoo ya maua hapo. Vyumba vya nyuma vinahitaji kazi ileile ya nailoni. Fundi ameshapita kupima, hajataja bei, na foleni yake inafika Septemba.